Tupeane uzoefu: ladha uliyoichukia na sasa huwezi kuiacha

Mleta mada: Asubuhi ya leo mwanangu ameonja kahawa yangu isiyo na sukari, akaitema na kuniuliza kwa nini ninajitesa. Nimekosa jibu, maana hata mimi niliwahi kuitema. Wenzangu, ninyi mlibadilikaje?

Mchangiaji 1: Kwangu ni pilipili. Nikiwa na miaka 14 nilitafuna moja nzima mbele ya binamu zangu ili nisionekane mtoto. Kwanza sikusikia kitu, kisha ulimi ukawaka, masikio yakaziba, machozi na kamasi vikashuka pamoja, nami nikagida maji kikombe baada ya kikombe bila nafuu yoyote. Mbaya zaidi, nilijifuta machozi kwa vidole vilevile nilivyoishikia. Bibi ndiye aliyeninawisha macho na kuninywesha maziwa huku nikilia kwa sauti. Haukupita mwezi, nikaitafuta mwenyewe.

Mchangiaji 2: Ya macho yamenikuta pia. Pole.

Mchangiaji 3: Maji hayakufaa kwa sababu kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, haiyeyuki vizuri majini, ilhali protini ya maziwa huinasa. Wala ulimi haukuungua: kapsaisini huamsha neva zilezile zinazoamshwa na joto la nyuzi 43 hivi, ubongo ukadhani kuna moto. Mwanasaikolojia Paul Rozin alieleza kwamba raha hutokana na kujua kuwa kengele ya hatari inalia na wewe uko salama.

Mchangiaji 4: Mimi sikubali. Sumu nyingi za mimea ni chungu, ndiyo maana hata kitoto kichanga hukunja uso kikionjeshwa uchungu. Kwa nini tumfundishe mtoto kuupuuza mwili wake?

Mchangiaji 3: Ndugu, hakuna aliyesema mtoto alazimishwe. Mtu mzima anapokunywa kahawa mara nyingi, akachangamka na asidhurike, mwili wenyewe hulegeza onyo.

Mchangiaji 5: Anayetaka kuizoea aanze na sukari, kisha aipunguze kidogo kidogo.

Mchangiaji 2: Hapana, asiitie kabisa, la sivyo atazoea sukari.

Mleta mada: Mmenikumbusha jambo. Nilianza kuinywa nilipokuwa nikikesha na marehemu baba wakati wa ugonjwa wake. Alikuwa akinywa nusu kikombe, kisha akinisogezea kilichobaki bila kusema neno, nami nikikimaliza ili asijue kwamba siipendi.