Naomba ushauri: wanaoanza iNaturalist niwaelezeje daraja la utafiti?

Wakuu habari. Naandika maelekezo kwa wanaoanza iNaturalist, programu ya kurekodi mimea na wanyama na kusaidiana kuwatambua. Kupiga picha hakuna shida: ua, jani pande zote mbili, shina, vyote vya mmea mmoja kwenye rekodi moja, pamoja na tarehe na mahali.

Wanapokwama ni daraja la utafiti (Research Grade), yaani hadhi ya rekodi ambayo jina lake limethibitishwa na watumiaji wengine. Lazima watambuaji wasiopungua 2 wakubaliane spishi, na wanaokubali wazidi theluthi mbili. Ila waridi la kwenye chungu halifiki daraja hilo hata watu 10 wakilitaja, maana limepandwa, halikuota lenyewe; mtu anadhani programu imegoma. Kibaya zaidi, wengine hubofya kukubali kama shukrani tu, jina lisilo sahihi linapita.

Nianze na masharti haya, au kwanza waweke rekodi 5 kwenye programu?