Wauza pampu za maziwa, hiyo "saizi moja kwa wote" mmeitoa wapi?

Wakuu salaam. Naandika saa nane za usiku, mtoto kalala, titi la kushoto limejaa limekuwa gumu kama jiwe na nina hasira za wiki tatu. Uzi ni mrefu. Anayetaka muhtasari apite tu.

Mwanangu ana miezi mitatu na nusu. Siku zangu 84 za likizo ya uzazi zilipokaribia kuisha nikaenda Kariakoo kutafuta pampu ya kukamulia. Muuzaji akanitolea ya umeme, boksi linang'aa, ina taa na vitufe kama redio. "Hii ndiyo wanachukua wote, mamii." Nikaitazama ile faneli inayokaa kwenye titi, nikamwambia mbona kubwa hivi? Akacheka. "Zote saizi moja hizo, utazoea." Nikahesabu elfu tisini na tano nikampa. Nimeandika kwa maneno ili iniume vizuri.

Jamani, sikuzoea. Nusu saa nzima mashine inanguruma, napata vijiko vinne. Chuchu inavutwa pamoja na weusi wake wote inaingia kwenye bomba, ikitoka imechubuka na ncha imekuwa nyeupe. Nikadhani nguvu haitoshi, nikapandisha hadi mwisho. Aliye na pampu asirudie ujinga huu: ukiongeza nguvu unaongeza maumivu tu, maziwa yako palepale. Tena ukiumia ndiyo hayashuki kabisa.

Sasa kilichoniuma kuliko hela. Mama mkwe alikuwa anaiangalia ile chupa kila jioni. Siku ya nne akatoa hukumu: "Huyu maziwa hana, mtafutieni mtoto uji mwepesi." Mtoto wa miezi mitatu, uji! Mume wangu, maskini, jioni ile akarudi na kopo la maziwa ya dukani bila kuniuliza. Nikalia chooni maji yakiwa yanatiririka wasinisikie. Na niliamini kweli sina maziwa, wakati mtoto huyohuyo ananyonya usiku mpaka anacheua na uzito anaongeza kila kliniki! Kilichopimwa ni uwezo wa ile mashine, mimi nikabeba lawama.

Kliniki ndiko nilikokombolewa. Nesi mmoja mtu mzima, hata sikumweleza sana, aliona michubuko akavuta rula. Chuchu yangu ina upana wa milimita 18. Faneli niliyouziwa imeandikwa 28, pembeni kwa maandishi ya sisimizi. Akaniambia, "Mwanangu, umevaa kiatu cha baba yako." Kumbe unapima chuchu peke yake, ule weusi hauhesabu, kisha unachukua faneli inayozidi kidogo. Kwangu mimi ni ya 20 au 21. Chuchu inatakiwa iende na kurudi bila kukwaruza ukuta wa bomba.

Halafu akanifundisha kukamua kwa mkono. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya weusi. Unasukuma kuelekea kifuani kwanza, ndipo unabana, unaachia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Ndani ya robo saa nikajaza kikombe nusu, bure, bila umeme! Nilitaka kwenda kumrushia mtu boksi lake usiku uleule.

Nilirudi dukani kesho yake. "Vitu vya mwilini havirudishwi, dada." Sawa, hilo naelewa, nani anataka pampu iliyotumika. Basi niuzie faneli ndogo. Hana. Kile kiulimi cha silikoni ambacho kimeshachanika na ndicho kinachofanya mashine ivute? Hana. Sasa unauzaje mashine ambayo kipuri chake hakipo nchini? Eti akanishauri ninunue ile ya mkono yenye puto la mpira, inayofanana na honi ya baiskeli. Wakuu, ile msinunue kabisa. Maziwa yanapanda mpaka ndani ya puto, na humo huwezi kusugua wala kukausha. Unakamulia kwenye ukungu.

(Na shoga yangu aliyetaka kuniazima yake ya zamani: nashukuru, lakini mrija wake una madoa meusi kwa ndani. Pampu zisizo na kizuizi kati ya maziwa na mota haziazimwi.)

Ofisini nako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inanipa hadi masaa mawili kwa siku nimnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi. Kwenye karatasi inapendeza. Mtoto yupo Mbagala, ofisi ipo Posta, masaa mawili yanaishia kwenye foleni ya kwenda tu. Nikaomba chumba cha kukamulia, nikajibiwa "si kuna choo cha wanawake?" Choo hakina hata soketi! Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge sehemu ya mama kunyonyesha au kukamua. Mimi nimepewa sinki.

Kwa hiyo sasa nakamua kwa mkono, nikiwa nimesimama, kila baada ya masaa matatu, kwa sababu titi lisipotolewa maziwa linajifunza kutengeneza machache. Nayaweka kwenye kideli kidogo chenye barafu. Mnaosoma kwamba yanakaa nje masaa 4, hiyo ni kwa joto lisilozidi 25, siyo Dar hii. Friji ni siku 4, umeme ukikubali. Dada wa nyumbani anampa kwa kikombe na kijiko, mtoto anapokea vizuri tu. Friji ya ofisi niliacha siku kaka mmoja wa uhasibu aliponyanyua kichupa mbele ya watu akauliza mtindi wa nani.

Ninachotaka: kuna mtu anajua Dar hii wapi wanauza faneli ya 21 na vile viulimi, rejareja? Mikono inauma, na elfu tisini na tano zangu zimelala kabatini.

NYONGEZA: Wanaokuja PM (ujumbe wa faragha) kuuliza jina la duka, sitaji, maana nimezunguka maduka matano na wote wamenijibu "saizi moja". Na wewe uliyeandika nimpe tu mtoto kopo niache kelele, kopo tayari ninalo ndani. Halijafunguliwa.