Tupeane uzoefu: Unafanya yoga ya aina gani, na mwili wako umeipokeaje?

Mleta mada, Dar es Salaam

Habari zenu wadau. Kila nikisikia mtu anasema "yoga nilijaribu, hainifai", namuuliza: ipi? Wengi hawana jibu, na siwalaumu, maana matangazo ya madarasa huandika "yoga" basi. Lakini aliyetoka kwenye darasa la aina ya Ashtanga jasho linamchuruzika na aliyetoka kwenye la aina ya Yin karibu asinzie wamefanya vitu viwili mbalimbali.

Kinachonivutia ni kwamba baadhi ya aina hizi zilizotengana hivyo zina mwalimu mmoja. T. Krishnamacharya alifundisha kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mwanafunzi wake K. Pattabhi Jois akaieneza Ashtanga: mpangilio wa mikao usiobadilika, pumzi zinahesabiwa, hakuna kusimama njiani. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, ambaye pia alikuwa shemeji ya Krishnamacharya, utotoni aliandamwa na maradhi: malaria, taifodi, kifua kikuu. Yeye akashika njia ya kukaa kwenye mkao mmoja kwa muda, mwalimu anakurekebisha hadi vidole vya miguu, na usipofika sakafuni unawekewa tofali la mbao chini ya mkono, au unapewa mkanda, blanketi, kiti.

Mimi ni wa Iyengar. Nashona, kutwa nimeinamia cherehani, na kiuno kilikuwa kinakaza hadi usiku sipati upande wa kulalia. Mwalimu hakunikunja popote. Alinilaza chali, miguu akaipandisha juu ya kiti, akaniacha hapo nikipumua. Baadaye ndipo tukaanza mikao ya kusimama, polepole. Sisemi yoga inatibu kila kitu, nasema kiuno changu sasa kinanipa usingizi.

Karibuni. Tajeni aina, hali ya mwili wako, na nini kilitokea.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi nilianza na Vinyasa ya nguvu, yoga ya kupita mkao hadi mkao kwa kufuata pumzi, kwenye darasa la mtaani la shirika la Africa Yoga Project. Hao wako hapa Nairobi tangu 2007 na wamefunza vijana wengi wa mitaa yetu kuwa walimu, jambo ambalo naliheshimu sana. Vinyasa haina mpangilio mmoja, mwalimu anapanga mwenyewe, leo mabega, kesho nyonga. Kwa mcheza mpira kama mimi ilinifungua misuli ya nyuma ya mapaja.

Baadaye nikahamia Ashtanga kwa mtindo wa Mysore, na hapo ndipo nimetulia. Mwalimu hasemi mbele ya darasa. Kila mtu anafanya mfululizo wake kwa pumzi yake, yeye anapita akishika huyu bega, yule mguu. Mkao unaofuata hupewi mpaka huu ulio nao ukae sawa. Siku ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, kwa desturi yao, ni mapumziko. Mtu anayetaka kubadilishiwa kila siku atachoka nayo. Mimi kurudia kulekule kunanionyesha mwili wangu uko wapi wiki hii.

Muuguzi, Minneapolis

Huku baridi inauma, kwa hiyo nilivutwa na yoga ya joto. Ile ya mwalimu Bikram Choudhury ina mikao 26 na mazoezi 2 ya pumzi, dakika 90, chumba kikiwa na joto la nyuzi 40 hivi. Alidai mpangilio ule ni mali yake, lakini mahakama ya rufaa hapa Marekani ikaamua mwaka 2015 kwamba haumilikiwi kwa hakimiliki.

Naipenda. Ila nawaambieni kama mtu wa wodini: joto hukufanya ujione mlaini kuliko ulivyo, ukavuta kupita kiasi, na maumivu ukayajua kesho yake. Mjamzito asiingie. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amwone daktari kwanza. Mnaoishi Dar au Mombasa, kwa maoni yangu hamna haja ya kulipia joto.

Mchangiaji, Maskati

Assalaam alaykum. Mie nilipitia Kundalini nikaiacha. Kule kughani mantra, yaani maneno ya kurudiarudia, ndiyo roho ya darasa, wala mwalimu hakunificha. Kwangu mie, Muislamu, hilo halikunikaa. Nikatafuta Hatha ya taratibu: mikao na pumzi, mwisho unalala chali kimya. Najua suala hili lina mjadala. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga yenye ibada na mantra, na Saudia mwaka 2017 ikairuhusu kama mchezo. Ukiziangalia kauli hizo mbili kwa makini, hazizungumzii darasa la namna moja. Dada zangu, muulizeni mwalimu kabla ya kulipa: kuna kughani? Mwalimu mwema hakasiriki.

Mkimbiaji, Arusha

Yin, dakika tatu hadi tano mkao mmoja, misuli umeiachia kabisa. Wiki zenye mbio ndefu ndiyo inayonifungua nyonga. Kuvutwa kidogo sawa. Ukisikia kuchomwa, toka.

Mzee mstaafu, Mwanza

Wanangu, nimesoma yote. Nina presha na magoti mabovu. Mimi nianzie wapi?

Mleta mada

Shikamoo mzee. Kwanza daktari wako ajue. Kisha tafuta Hatha ya taratibu au Iyengar, na mwalimu umwambie presha na magoti kabla hamjaanza. Kusimama kwa kichwa au kwa mabega usifanye, na wakikuambia ubane pumzi, wewe endelea kupumua kawaida. Mwenye presha ya macho pia asijaribu mikao hiyo ya kichwa chini. Mikao mingi unaweza kuifanya umeketi kitini.

Mzee mstaafu, Mwanza

Marahaba. Hivi viti vya plastiki vinafaa?

Mleta mada

Hapana mzee, hupinda na kuteleza. Tumia cha mbao au cha chuma kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani, na chini utandike mkeka wa mpira.