Mrejesho: Vidonge kwa mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kumpa mama vidonge baada ya kiharusi, maana anapaliwa hata na maji. Aliyesema nisisage chochote kabla ya kumwona mfamasia kaokoa jahazi: nifedipini yake (dawa ya presha) ni ya kutoka polepole mwilini, ukiisaga dozi nzima inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka. Daktari kambadilishia amlodipini ya kawaida, hiyo inasagika. Omeprazoli (ya kupunguza asidi ya tumbo) tunafungua kapsuli, chembe zinachanganywa na kijiko kimoja cha chakula laini, anameza bila kutafuna. Zikipondwa, asidi ya tumbo inaiharibu dawa. Mkao nao umesaidia mno: wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, na halazwi mpaka nusu saa ipite. Dawa moja moja, kisha mdomo unakaguliwa, kwani mabaki hujificha kwenye shavu la upande uliopooza.

Iliyogoma ni metformini, dawa ya kisukari. Ikisagwa ni chungu balaa, anaitema. Tumeandikiwa ya maji, ila ni nyepesi mno kwake. Tunasubiri mtaalamu wa kumeza aseme iongezwe uzito kwa unga upi.