Mrejesho: injini ya mtumbwi iliyokwama
Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza kwa nini injini ya mtumbwi wangu, ya mipigo miwili (aina inayotumia petroli iliyochanganywa na oili), ilizimika ghafla ziwani na kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Niliishusha hapa nyumbani Jinja, nikafungua kichwa cha silinda kabla ya kununua chochote, kama mlivyonishauri: pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa tundu la kutolea moshi, na ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zimeganda, dalili ya petroli yenye oili kidogo mno (kosa langu mwenyewe). Kulowesha silinda kwa dizeli usiku kucha kuliikwamua, ila boliti moja yenye kutu ilikatika na ikabidi itobolewe. Silinda imechongwa, pistoni kubwa zaidi imewekwa. Sasa nachanganya lita 1 ya oili kwa 25 za petroli hadi pistoni mpya izoee, kisha itakuwa lita 1 kwa 50. Inawaka, ingawa pale penye boliti bado pavuja kidogo.