Ushauri: Mwenzetu wa kuogelea baharini anabaki nyuma, tumwambieje bila kuvunja undugu?

Pezi Moja
Wakuu, salaam. Tuna kikundi cha kuogelea baharini, watu tisa, kila siku saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa yamejaa. Tunakwenda sambamba na ufuo hadi kwenye boya, tunageuka. Mwenzetu mmoja, tena ndiye mwanzilishi, siku hizi anabaki nyuma sana. Wenye kasi wanamsubiri pale kwenye boya, wanapoa, wanatetemeka, wanaanza kununa. Nimwambieje apumzike kidogo bila kumvunjia heshima? Ni mkubwa wetu, na wote katufundisha yeye kupita kwenye mawimbi.

Kasa Mzee
Tatizo lenu ni boya. Geukeni kwa saa. Mnaanza pamoja, ikifika dakika ya 15 kila mtu anageuka hapohapo alipo. Aliyetangulia mita 200 ana mita 200 za ziada kurudi, kwa hiyo mnafika karibu pamoja na hakuna anayesimama majini kupoa. Mwanzo nendeni kinyume cha mkondo, mrudi nao. Mkigeuza utaratibu huo, dakika 15 za kwenda zinaweza kuwa 30 za kurudi, na hapo mmeshachoka. Wa mwisho apewe mwenza wa kasi yake, umbali wa kusikia filimbi.

Chumvi Kiduchu
Kumbe hata baharini kuna foleni 😂

Bi Nahodha
Mkubwa hafukuzwi. Mgeni wa jana anamtoa mwenye nyumba? Hapa shida ni adabu tu.

Kofia Njano
Mimi nauliza maboya ya kiunoni mnayo? Rangi ya chungwa, kamba fupi isiyonasa miguuni. Na mkumbuke si ya kuokolea, yanakufanya uonekane na upate pa kushika ukichoka. Kofia nyeusi piga marufuku, kichwa cheusi majini hakionekani.

Daktari wa Ufuo
Mkuu Pezi, mtu aliyewafundisha nyote hawi mzito bila sababu. Akitoka majini anapumuaje?

Pezi Moja
Anachoka tu, umri.

Daktari wa Ufuo
Sijauliza anachokaje. Anapumuaje?

Pezi Moja
Sawa. Anakohoa. Kifua kinakoroma, na zaidi ya mara moja ametema povu lenye rangi ya waridi. Anasema ni maji ya chumvi yamempitia, akaniomba nisimwambie mtu. Ndiyo maana nikaandika kwa kuzunguka. Tena niseme yote: tumeshafungua kundi jingine la WhatsApp bila yeye, tunaingia saa moja kabla. Msinihukumu, nia ni njema. Asipotukuta atakata tamaa mwenyewe apumzike.

Daktari wa Ufuo
Atakata tamaa, au ataingia peke yake? Kukohoa povu la waridi na pumzi kuwa fupi wakati wa kuogelea, bila kuwa amemeza maji, ni dalili ya mapafu kujaa majimaji kutoka kwenye mishipa ya damu. Maji, hasa ya baridi, yanasukuma damu ya miguu na mikono kuelekea kifuani, presha kwenye mishipa midogo ya mapafu inapanda, majimaji yanavuja. Shinikizo la damu, vazi la kuogelea linalobana kifua na kunywa maji mengi kabla ya kuingia vinaongeza hatari. Na hali hii hurudia.

Ikimpata: atolewe majini mara moja, aketi wima, asilazwe chali, avuliwe kinachobana, ita msaada wa dharura. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana dalili mara nyingi huisha ndani ya saa 48 na picha ya kifua ikichelewa inaweza isionyeshe kitu. Apimwe presha na moyo. Asirudi majini mpaka daktari aruhusu.

Pezi Moja
Lakini ana nguvu kutuzidi sote nchi kavu. Na maji anakunywa lita nzima kabla ya kuingia, anasema yanazuia misuli kukaza.

Daktari wa Ufuo
Hiyo lita ndiyo aanze kuiacha leo.

Mpima Maji
Samahani wakuu, mimi naona tunapigwa kamba. Maji kujaa husogea mbele wastani wa dakika 50 kwa siku. Yakijaa saa kumi na mbili leo, baada ya wiki moja saa hiyo yatakuwa yamekupwa. Mtu anayeogelea kila siku angejua. Hii imetungwa.

Chumvi Kiduchu
Mpima Maji kaingia na kalenda ya mwezi, uzi umekwisha.

Kasa Mzee
Ni dakika 50 kwa wastani tu. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, husogea pungufu ya hapo; wakati wa maji mafu, yale madogo ya katikati yake, yanaweza kupita saa nzima. Ila hoja yake ina uzito.

Pezi Moja
Nilifupisha. Yakikupwa tunaingilia kwenye mlango wa mwamba, kuna kina mwaka mzima. Sikuona kama inahusu swali.

Mpima Maji
Inahusu sana! Mlango wa mwamba ndipo maji yote ya ndani yanapotokea yakikupwa, na saa ya tatu na ya nne ya kupwa ndizo zenye mkondo mkali. Mnamwingiza hapo mtu asiye na pumzi? Na hilo kundi la saa kumi na moja, mna taa kwenye maboya?

Pezi Moja
Taa hatuna.

Bi Nahodha
Kwa hiyo mmemkimbia mzee mkaingia gizani. Haya.

Daktari wa Ufuo
Mpigie sasa. Usianze na kasi yake wala kikundi, mwambie umeona povu na huwezi kunyamaza. Akikataa, waambie wote saba waliobaki. Na usimtoe ufuoni: mpe filimbi na orodha, ahesabu wanaoingia na wanaotoka.

Pezi Moja
Nimempigia. Hapokei. Saa hizi huwa yuko majini.

Kasa Mzee
Sasa unaandika nini hapa? Nenda ufuoni!