Mrejesho: mota ya DC iliyokuwa ikinguruma kama nyuki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kidhibiti changu cha hali ya kuteleza (sliding mode: programu inayobadili amri ya mota ghafla ili kuulazimisha mfumo ufuate mstari uliochaguliwa, uitwao uso wa kuteleza) kilikuwa safi kwenye simulesheni, lakini mota halisi ikatetemeka hadi meza ikalia.

Mliniambia kosa ni kuchukua sheria ya muda endelevu (inayodhani amri inaweza kubadilika wakati wowote) na kuibandika kwenye maikrokontrola, kompyuta ndogo inayopima na kuamuru kwa vipindi tu, yaani kwa sampuli. Kweli kabisa. Kati ya sampuli mbili amri haibadiliki, kwa hiyo mfumo hauwezi kukaa juu ya uso wa kuteleza. Unauvuka tu huku na huku, ndani ya ukanda. Nikahamia sheria ya watafiti Gao na wenzake ya 1995, iliyotungwa kwa ajili ya sampuli:

s(k+1) = (1 − qT)s(k) − εT·sgn(s(k))

Hapa s ni umbali kutoka kwenye uso wa kuteleza, k ni namba ya sampuli, T ni muda kati ya sampuli, sgn ni alama (+ au −) ya s, na q na ε ni namba ninazochagua mwenyewe. Ukanda ni εT/(1 − qT) kila upande. Kwa ε = 5, q = 20 na T ya milisekunde 10 nilipata 0.0625; kwa milisekunde 2, karibu 0.0104. Mngurumo ukapungua, ila haukuisha.

Dawa hasa ilikuwa ule ushauri wenu wa kukadiria usumbufu (nguvu za nje, kama mzigo) wa hatua iliyopita na kuufidia hatua hii. Mzigo wangu hubadilika polepole, kwa hiyo kinachobaki ni kidogo, nikashusha ε hadi 1. Sasa mota imetulia hata nikiishika shafti kwa mkono (msijaribu na mota kubwa!).

Kilichobaki ni kelele (kurukaruka kwa namba, si sauti) katika kasi ninayoikokotoa kutoka kwenye enkoda, kihisi cha mzunguko wa shafti. T ndogo imeizidisha. Nipunguze T tena au niweke kichujio kwanza?